Mgomba Haukwepi Teke

Kama hujawahi kukata mgomba asubuhi na umande bado uko, hiyo harufu sijui nitakuelezaje. Si harufu ya ndizi. Ni baridi, kama maji yaliyolala kwenye chungu kipya, na ndani yake kuna uchungu kidogo. Halafu ule utomvu ukigusa nguo, wacha tu, hiyo doa utazikwa nayo. Juzi nilikuwa jikoni nachambua mboga za managu, nikasikia pa! nyuma ya nyumba. Halafu pa! tena. Halafu kitu kizito kikaanguka, na hiyo harufu ikaingia kwa dirisha ikanikuta na sinia kwa mapaja.

Nikatoka mbio, yaani mbio za mtu mwenye magoti kama yangu. Nikamkuta mjukuu wangu Kerubo amesimama karibu na mgomba wangu ulioanguka, anahema, amevaa zile nguo nyeupe za taekwondo wanazofundishiwa huko Kisii mjini.

"Magokoro, usinichape," akasema. Magokoro ndiyo bibi, kwa lugha yetu. "Huu ulikuwa umeshazaa. Si ungekatwa tu?"

Hapo alisema ukweli.

"Halafu, Magokoro, hebu niambie. Hii teke inaweza kufanya kazi kwa vita ya ukweli?"

Ningemkemea. Badala yake nilicheka mpaka nikakaa chini kwa matope na kanga yangu safi. Kwa sababu hiyo swali mimi nilipata jibu lake nikiwa na miaka tisa, na nilitembea nalo nyumbani nikilia. Kaeni niwaambie.

Kwetu kulikuwa upande wa Nyamira, kwenye mlima wa majani chai. Huko hakuna mahali tambarare pa kuweka hata sufuria. Ukiangusha boga kwa mlango, utalifuata mpaka mtoni. Na huko chini mtoni kulikuwa na gogo moja, mti mzima ulioangushwa, ndiyo ilikuwa daraja yetu. Shule ilikuwa ng'ambo.

Mwaka huo kulikuja familia mpya ng'ambo ile, walinunua shamba wakitoka mbali. Walikuwa na kijana anaitwa Ondieki. Umri wake labda kumi na tano, lakini alikuwa na mabega ya mtu wa kubeba mbao. Alikuwa anachunga ng'ombe hapo mtoni, na alikuwa amejifanya mwenye gogo. Ukifika, anaketi katikati, miguu inaning'inia, anasema, "Umenibebea nini?" Mama yangu alikuwa ananifungia viazi vitamu viwili kwa jani la mgomba, nikule saa sita shuleni. Ondieki alikuwa anavila polepole, na maganda anatupa kwa maji, huku ananiangalia. Siku nikiwa sina, alikuwa ananiambia nipite chini, kwa maji. Maji ya mlima huo, wenzangu, yanauma mfupa. Nafika shule na yunifomu yangu moja, imelowa, ina tope, na mwalimu naye anasubiri na fimbo ya wachafu.

Nilirudi hivyo mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mama alikuwa na mtoto mchanga na majani yalikuwa yanazeeka shambani kwa kukosa mchunaji. Ile mara ya tatu aliniangalia tu, akaniambia, bila hasira hata, "Shule ikifunga Desemba, imefunga. Januari kama huyo kijana bado yuko pale, utakaa hapa unisaidie."

Sasa elewa. Mimi nilikuwa nimeanza shule nimechelewa, na mwalimu alikuwa ametufikisha kwa ma, me, mi, mo, mu. Hapo tu. Nililala siku hizo nikiwaza, baada ya mu kunakuja nini? Nikikaa nyumbani nitazeeka nikijua kusoma mpaka mu. Watoto wengine walikuwa wanaogopa nyoka. Mimi niliogopa hiyo.

Ndiyo Moraa akaja.

Moraa alikuwa binti ya baba mkubwa, miaka kumi na tatu, amelelewa Nairobi kwa nyumba za kazi ya babake. Alishuka na begi, na suruali! Msichana na suruali, kwa mji wa wazee wa kanisa. Mama alimpa leso ajifunge juu yake kabla hajamaliza kusalimia. Alikuja kukaa likizo yote ya Desemba, na siku ya pili tu nikamwona nyuma ya nyumba, leso ametundika kwa mti, anaruka, anageuka, mguu unapaa juu kama jogoo anayetaka kupanda ukuta. Pa! Mgomba ukatetemeka. Pa! Ukalala.

"Hiyo ni karate?" nikamuuliza.

"Karate nini! Hii ni taekwondo. Kuna jirani yetu alitufunza watoto wote wa ploti. Mtu nikimpiga hivi kwa kichwa, hajui jina lake mpaka kesho."

Nikamwambia habari ya Ondieki hapo hapo. Hata sikupumua. Moraa alinisikiliza huku anajifuta utomvu kwa mguu, halafu akasema, "Kabla shule ifunguliwe, tutakuwa tumemaliza na yeye."

Jamani, mimi nilimwamini kama Maandiko. Kila asubuhi tulikuwa nyuma ya nyumba. Babu yetu alikuwa anakaa kivulini anasuka kikapu cha majani, na sisi tunapiga migomba iliyokwisha kuzaa, ile ambayo ingekatwa tu. Ukiangusha mgomba ukiwa na miaka tisa, unajisikia umeua simba. Hakuna aliyetuambia kwamba mgomba uliozaa ni maji na makapi tu, hata mbuzi mwenye haraka anauangusha. Ni babu peke yake alisema, na hakuinua macho kwa kikapu: "Mgomba haukwepi." Mara nyingine anaongeza, "Na haushiki mguu wa mtu." Sisi tukacheka. Tukamwona mzee hajui mambo ya Nairobi.

Basi siku ikafika, imebaki wiki moja shule ifunguliwe. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, ile mvua yetu ya kupiga ngoma kwa bati. Asubuhi udongo mwekundu wote ulikuwa unang'aa kama umepakwa mafuta. Moraa alivaa viatu vyake vya turubai vya mjini. Mimi nilivaa gambuti za mama, zile buti kubwa za mpira, nimejaza majani makavu ya mgomba mbele zisitoke. Tulimwambia mama tunaenda kuokota kuni.

Ondieki alikuwa hapo ukingoni upande wetu na ng'ombe wawili. Akatuona. "Leo umeleta nani? Huyu ndiye viazi?"

Moraa alifungua leso akanipa niishike. Akasimama mbele yake, akaunganisha miguu, akainama mpaka chini, kwa heshima kabisa. Ndivyo walivyofunzwa.

Ondieki akaangalia nyuma yake, akaniangalia mimi. "Huyu anasali?"

Halafu Moraa akapiga kelele, nywele zangu zikasimama, akageuka, na mguu ukapaa. Ulipaa vizuri, siwezi kumsingizia. Lakini ule mguu mwingine uliobaki chini ulikuwa kwa tope la Nyamira. Uliteleza kidogo tu, kiasi cha kidole, na teke lililokuwa linaenda kwa kichwa likafika kwa mbavu, pole pole, kama mtu anayekupa mzigo. Na Ondieki akaupokea. Akaubana ule mguu chini ya kwapa, vile mtu anabana kuni.

Hapo sasa. Moraa anaruka na mguu mmoja, tep, tep, tep, anashika hewa.

"Sasa hii mguu," Ondieki akasema, anaangalia huku na huku, "niipeleke wapi?"

"Achilia! Hairuhusiwi kushika!"

"Nani amekataza?"

Akaanza kumvuta, yeye mwenyewe anarudi kinyumenyume kuelekea maji. Nami nimesimama na leso ya mama mkononi. Nataka niwaambie niliwaza jambo la maana. Hapana. Nilimwona Moraa uso umebadilika, Nairobi yote imemtoka, amekuwa mtoto kama mimi. Nikaenda. Sikugeuka, sikuruka, sikupiga kelele. Nilimpiga na gambuti ya mama chini ya goti, pale kwa mfupa wa mbele ambapo hakuna nyama. Ko!

Ondieki akafungua mikono, akarudi nyuma hatua moja, na nyuma hakukuwa na kitu. Akaenda. Maji yakamfunika.

Mto ulikuwa mwekundu na umejaa. Tukasubiri kichwa kitoke. Hakikutoka. Ng'ombe mmoja aliinua shingo akaangalia mto, halafu akaniangalia mimi, na mimi nilijua hata ng'ombe atanishtaki. Nimeua mtu. Tope likaniingia kwa gambuti na sikusikia baridi. Sikuwaza tena ma, me, mi. Niliwaza mama yake Ondieki, kwamba sasa hivi yuko jikoni anamwekea chakula.

"Kule!" Moraa akapiga kelele. Ondieki alikuwa ametokea chini kidogo, ameshika mzizi, anakohoa, anaita mama yake. Tulikimbia, tukaanguka, tukakimbia. Mkono wa Moraa haukumfikia. Nikamrushia leso, maji yakaibeba. Basi Moraa akalala kifudifudi kwa tope, akashika kisiki, mimi nikamkalia mgongoni asiteleze, na akanyoosha mguu kwa maji. Ule ule. Ondieki akaushika mara ya pili siku hiyo, na safari hii Moraa hakumwambia aachilie.

Alitoka. Alikaa hapo anatetemeka, amepasuka kidogo juu ya jicho, na muundi umefura kama kiazi. Tulikuwa watatu tunalia, kila mtu kwa sauti yake. Sijawahi kufurahi kuona mtu ninayemchukia akipumua namna hiyo.

Mchana tukaona mama mmoja mzee anapanda mlima na fimbo, Ondieki anachechemea nyuma. Ni nyanya yake. Mama alitoka na mtoto mgongoni, uso umesawijika. Tayari alikuwa ameona leso haiko na gambuti zimejaa mto.

"Nimekuja kuona," yule nyanya akasema, "mtoto gani anavunja mjukuu wangu." Lakini huko kwetu huwezi kuanza ugomvi hivi hivi. Kwanza unauliza mtu ni wa wapi. Akamuuliza mama, "Wewe umetoka kwa nani?"

"Nimetoka Nyacheki," mama akajibu, akataja baba yake, na babu yake.

Fimbo ya yule mzee ikasimama. "Rudia huyo babu."

Mama akarudia. Nyanya akakaa kwa ngazi ya mlango bila kuambiwa karibu. Kumbe na wao walikuwa wametoka Nyacheki, na mume wake na babu ya mama walikuwa wa nyumba moja, wamezaliwa na baba mmoja. Wakahesabu kwa vidole, wakarudi nyuma, wakahesabu tena. Kwa hesabu ya ukoo, Ondieki alikuwa kaka ya mama. Yaani huyo mvulana na muundi wake ni mjomba wangu.

Nikataka ardhi inimeze. Kwetu hakuna mtu anampiga mjomba. Hata kumnyooshea kidole unaogopa. Lakini yule nyanya hakuwa ananiangalia mimi. Alimgeukia Ondieki pole pole.

"Mjomba anampa mtoto wa dada yake chakula," akasema. "Anamchagulia kipande. Na wewe umekula viazi vya huyu mtoto mwaka mzima?"

"Nyanya, sikujua..."

"Uliuliza?"

Fimbo ikafanya kazi kwa mgongo. Moraa alijificha nyuma yangu, anadhani ni zamu yetu inakuja.

Mama akapika uji wa wimbi. Yule nyanya akatuwekea mimi na Ondieki kibuyu kimoja, tukanywa kwa zamu bila kuangaliana. Halafu nikaambiwa nimkande mguu na maji ya moto na chumvi. Nilimkanda. Alikuwa anauma meno. "Wewe mtoto una mguu wa punda," aliniambia kwa sauti ya chini, na ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akicheka bila kuchekea mtu.

Januari nilienda shule. Ondieki alikuwa kwa gogo kama kawaida, ila alikuwa amesimama. Alinipa mkono, akanivusha. "Pita, omoiwa," akasema. Ndivyo mjomba anamwita mtoto wa dada yake. Kwa mfuko wake alitoa ndizi mbivu mbili akanipa. Na hiyo wiki mwalimu akaandika ubaoni: na, ne, ni, no, nu. Nikalia kwa dawati, jirani akadhani nimechapwa. Sikufika mbali shuleni, niliishia la nne. Lakini nilifika mpaka zu, na ndiyo maana leo mkiniandikia kwa simu siombi mtu anisomee.

Moraa sasa ni mzee kama mimi, anakaa Keumbu, anauza nguo. Mwaka jana nikamuuliza kwa simu kama siku ile alijua ile teke itashindwa. "Nilijua tukifika pale," akasema. "Sikuwa nimewahi kupiga mtu. Nilikuwa nimepiga ukuta na migomba. Lakini wewe ulikuwa unaniangalia na zile gambuti." Miaka yote nilidhani nilimwokoa mtu jasiri aliyeteleza. Kumbe aliyeenda mbele yangu alikuwa anaogopa kuliko mimi.

Yote hii nilimwambia Kerubo hapo kwa matope, mgomba uko katikati yetu.

"Kwa hivyo haifanyi kazi," akasema, amehuzunika.

"Inafanya. Kama hapa chini ni sakafu. Umeona sakafu wapi huku?"

Akaangalia mlima wote mpaka chini. Akacheka.

"Sasa kile mnachoanza nacho, kile cha kuinama, hicho usiache," nikamwambia. "Ila ukishainama, muulize yeye ni wa nani. Babu yake, na babu ya babu yake. Uchukue muda wako."

"Na akikosa kuwa mtu wetu?"

Nikampa mkono aniinue. "Basi," nikamwambia, "chini ya goti."