Mgeni Rasmi Aliyepangwa wa Kwanza

Shule niliyoanzia kazi iko Pasiansi, Mwanza, kwenye mteremko unaotazama ziwa, na ukutani ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba ni shule namba moja. Shule ya jirani nayo ilikuwa namba moja. Hata ile ya nyuma ya gereji, yenye darasa moja na choo kimoja, ilikuwa namba moja. Mimi nilikabidhiwa darasa la awali, watoto wa miaka mitano, niwafundishe hesabu.

Mama mwenye shule alipenda kuchungulia dirishani.

"Ticha, mmefika ngapi?"

"Tano, mama."

"Tano! Wiki zote hizi?"

"Wanaijua vizuri. Ukiwawekea mawe matano na manne, wanakuonyesha yaliyo mengi."

"Mzazi hatoi ada aje kusikiliza tano. Wafike mia, na wafike kwa Kiingereza. Tano hata kasuku anaweza."

Nilitaka kumwambia kwamba kasuku ndiye anayefika mia, ila nilikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio. Tukagawana siku. Asubuhi, dirisha likiwa wazi, tuliimba hadi mia. Baada ya uji nilifunga mlango, tukamwaga mawe sakafuni. Mwanza hakuna anayekosa jiwe. Tuliyapanga kutoka dogo hadi kubwa, halafu tukajipanga wenyewe kwa kimo, watano watano, mfupi kabisa akishika kadi yenye moja, anayemfuata mbili, hivyo hivyo hadi tano. Aliyenyanyua visigino alitolewa kwenye mstari, na watoto walisimamia sheria hiyo bila huruma.

Mwisho wa mwaka yakaja mahafali. Watoto walivalishwa majoho ya kukodi yaliyofagia vumbi na kofia zilizowafunika macho, wakahitimu. Mgeni rasmi alikuwa mfanyabiashara wa mjini, mtu mfupi mwenye sauti ndefu. Watoto walipoimba namba walifika "twenti-naini", wakaendelea na "twenti-teni", kisha wakarukia "naintii" kwa kishindo. Wazazi walishangilia. Baba mmoja aliyekuwa akirekodi kwa simu alifuta machozi.

Mgeni rasmi akasimama. "Nimefurahi sana. Lakini mimi ni mtu wa vitendo. Wanaweza kupanga vitu?"

Mama mwenye shule akanitazama kwa macho ya kuniagiza niseme hapana. Nikasema ndiyo.

"Basi watupange sisi watano wa meza kuu!"

Nikamwita binti mmoja, mjukuu wa muuza dagaa, mtoto asiyependa maneno mengi. Nikampa zile kadi tano. Aliwasimamisha wageni mmoja mmoja, akiwashika mkono na kuwasogeza kama anapanga ndoo kisimani. Mchungaji alipewa nne. Mwenyekiti wa mtaa akapewa tatu, na mweka hazina wa kamati ya wazazi akapewa mbili. Mama mwenye shule, ambaye ni mrefu na siku hiyo alikuwa amefunga kilemba, alipewa tano. Mgeni rasmi akakabidhiwa moja.

Aliinua kadi yake juu. "Mmeona? Mtoto huyu ana akili! Amejua mwenyewe nani namba moja!"

Makofi yakapigwa. Binti akasubiri yaishe.

"Shikamoo babu," akasema, maana alikuwa amefundishwa adabu.

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Wewe ndiyo mdogo kuliko wote."

Mshereheshaji alikimbilia muziki, muziki ukagoma. Mgeni rasmi alimgeukia mweka hazina aliyekuwa kando yake. "Huyu? Huyu tunalingana! Tupime!"

Wakasimama mgongo kwa mgongo, watu wazima wawili wenye suti, mbele ya wazazi wote. Nikaona kichwa cha mgeni rasmi kikipanda taratibu. Darasa langu lote nalo likaona.

"Visigino!" walipiga kelele. "Ananyanyua visigino! Atolewe!"

Binti akamshika mkono kwa upole na kuanza kumtoa kwenye mstari.

Mchungaji ndiye aliyeanza kucheka. Alijaribu kuficha kwa kikohozi, akashindwa. Kicheko kikaenda hadi kwa kina mama waliokuwa wakipika pilau. Mgeni rasmi alisimama kando na kadi yake, uso umeiva. Kisha akainama, akamuuliza binti, "Na nikishusha, nitarudi?"

"Utarudi."

Akashusha, akarudi kwenye nafasi yake. Nilimheshimu kwa hilo, ingawa hotuba yake haikuzidi dakika mbili. Wapishi walishukuru.

Jioni mama mwenye shule aliniita ofisini. Nilijua nafukuzwa. Alianza kuvua kilemba polepole.

"Ticha, yule mtoto alijuaje kwamba moja ni ndogo?"

"Ndilo somo lenyewe, mama."

"Hamkuweza kuwapanga wageni kuanzia mkubwa?"

"Mgeni rasmi angekuwa wa tano."

Alihesabu kwa vidole, kama mtu anayepanga mawe kichwani. Hakunifukuza, wala hakuniruhusu kuacha wimbo wa mia. Ila mwaka uliofuata kamati ilipokutana kuchagua mgeni rasmi, yalitajwa majina ya watu wenye vyeo na wenye mali, naye kwa kila jina aliuliza swali moja tu:

"Ana urefu gani?"