Kichwa Kisicho na Alama

Mtaani walimwita Maringo, na jina hilo hawakulitoa hewani. Ndani ya saluni yake, chumba kimoja chenye kioo kirefu, viti viwili na benchi la wanaosubiri, msusi huyu alikuwa asali. Alikukumbuka wewe, mama yako, jino lililokusumbua mwezi uliopita, na yule mchumba wako aliyeingia mitini. Lakini ukutane naye kesho yake dukani, umchekee na kumpungia mkono, alikupita kama anavyopita nguzo ya umeme. Waliompenda walisema ndivyo alivyoumbwa, wamzoee tu. Wasiompenda walisema zaidi, na sina haja ya kuwafanyia kazi ya kuyatangaza.

Ukweli ni kwamba Maringo hakuwa na maringo hata ya kuazima. Alikuwa hazijui sura za watu, basi. Macho yake yalikuwa mazima kabisa. Unywele mmoja wa mvi ukijificha katikati ya weusi aliuona akiwa amesimama mlangoni. Akikutazama aliona macho, pua, mdomo, aliona hata kwamba umenuna. Ila ukigeuka tu, sura yako uliondoka nayo yote, hukumwachia kitu. Tangu utotoni alidhani watu wote wako hivyo, kwamba wenzake wanajitahidi kukumbuka na yeye ni mvivu. Alipokuwa mdogo alimfuata mwanamke mwenye gauni la njano kutoka sokoni mpaka nyumbani kwa watu, akaingia ndani, akavua viatu, akaomba maji, ndipo alipogundua kwamba gauni ndilo lakini mama siye. Alichapwa kwa uzururaji. Tangu hapo akajifunza kunyamaza, na siri ya mtungi ikabaki kwa kata.

Akajitafutia njia nyingine, na njia hiyo ikampa kazi. Vidole vyake havikusahau kichwa. Kila kichwa kina ramani yake: huyu kisogo kimechongoka, yule nywele za utosini zimezunguka kama maji yanayoingia kwenye shimo, mwingine ana kibonde nyuma ya sikio. Ukiketi kitini mwake na kuinamisha kichwa, kabla hujafungua mdomo alishajua wewe ni nani. Shida ilikuwa barabarani, maana huwezi kumpapasa kila mtu kichwa ukitaka kumsalimia.

Kwa hiyo akaanza kuweka alama. Muuza mboga alipata kisuko kimoja chembamba kisogoni. Mwalimu wa chekechea alipata ushanga wa mti upande wa kulia. Mshona nguo alipata njia iliyopinda juu ya paji. Wateja walidhani ni madoido ya msusi, wakafurahi kwamba kila mtu ana mtindo wake. Mambo yaliharibika pale tu msusi wa mtaa wa pili alipoanza kuiga. Siku moja Maringo aliona kisuko chembamba kisogoni, akamkumbatia mwenye nacho katikati ya barabara na kumuuliza kwa sauti bawasiri inaendeleaje. Mwanamke yule hakuwa muuza mboga, na hakuwa na bawasiri.

Mumewe, fundi baiskeli, Maringo alimpenda kwa kicheko chake. Jamaa alicheka kwa kupandisha pumzi, kama pampu yenye tundu, na kicheko hicho Maringo angekitambua hata usingizini. Zaidi ya hayo alivaa kofia nyekundu mvua na jua. Mwaka wa kwanza wa ndoa kofia ilifuliwa, ikaanikwa, na fundi akarudi nyumbani kichwa wazi. Mkewe alimpokea mlangoni kwa adabu zote. "Karibu, kaka. Mwenyewe hayupo, labda umsubiri hapo nje." Fundi alicheka mpaka akakaa chini, na mkewe akajifanya ulikuwa utani. Fundi hakuuliza chochote. Kesho yake alirudi na kofia ya pili nyekundu, ya kuvaa ile ya kwanza ikifuliwa. Mimi nikisikia watu wakibishana mapenzi ni nini, huwa naikumbuka kofia hiyo.

Walijaliwa binti mmoja tu, na hapo ndipo ilipouma.

Binti alipokuwa shule ya msingi, mwalimu mkuu aliagiza wasichana wote wasukwe mistari ya aina moja kwa ajili ya sherehe ya kufunga shule. Msusi ni nani? Maringo. Alisuka darasa zima, mistari imenyooka kama imepigwa rula, akajisifu. Siku ya sherehe akaenda kumchukua mwanawe, akakuta uwanja umejaa sare moja na kichwa kimoja. Akabahatisha. Alimshika mkono mtoto wa watu, akatembea naye mpaka getini akimwahidi peremende, mtoto akaangua kilio. Binti yake mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yao, mikono kifuani, akimwona mama yake anaondoka na mwingine. Watu wazima walicheka sana. Binti naye alicheka, kwa kuwa walicheka.

Tangu siku hiyo Maringo hakumsuka tena bila mstari wa kona. Mstari mmoja ulianza juu ya paji, ukaenda vizuri, kisha ukakata ghafla kuelekea sikio la kushoto. Darasani waliuita barabara ya mlevi. "Mama, ninyooshee na mimi kama wengine," binti aliomba mwaka baada ya mwaka. "Unakupendeza, mwanangu, tulia," mama alijibu, mkono ukipinda palepale. Majirani wakasema kinyozi hajinyoi. Na binti, kidogo kidogo, akaamini kwamba wateja wanapata kazi nzuri na yeye anapata masalia. Maringo aliona mtoto anavyomwekea umbali. Alijua dawa ni kusema, na kila akijaribu ulimi uligeuka jiwe. Utamwambiaje mtoto uliyemzaa kwamba humjui usoni?

Binti akaenda chuo cha ualimu, mji wa mbali. Likizo ya kwanza ilipofika, Maringo alifunga saluni mapema, akapaka mafuta miguu, akaenda kituo cha mabasi kumpokea. Basi lilipoingia alisimama karibu na mlango, akitazama vichwa vinavyoshuka. Akatafuta mstari wa kona. Walishuka wenye vilemba, wenye rasta, wanaume na mabegi yao, na msichana mmoja aliyenyoa kipara, aliyesimama mbele yake kabisa na kumtazama. Maringo alimtazama pia, akasogea pembeni kidogo ili ampishe, akaendelea kutafuta. Alisubiri mpaka basi likafagiliwa. Akarudi nyumbani roho mkononi, akiwaza ajali na mambo mengine ambayo mama huyawaza.

Sebuleni alikuta msichana mwenye kipara amekaa kwenye kochi, begi miguuni.

"Karibu, mgeni," Maringo alisema, akijitahidi kutabasamu. "Samahani, nimetoka kumtafuta mwanangu, sijamwona."

Msichana alimtazama. "Hata humu ndani, Mama?"

Sauti hiyo! Maringo alishika fremu ya mlango.

"Umenipita kituoni," binti alisema, machozi yakimtoka. "Nilisimama mbele yako, makusudi, nikasema leo nione. Ukanitazama usoni, ukanipisha kama mtu baki. Nimenyoa nywele, Mama, sijanyoa sura. Sema tu kama hunipendi, nijue moja."

Uongo aliouzoea ulikuwa tayari mdomoni: macho yana ukungu, jua lilikuwa kali. Uongo huo ulishamwokoa kwa watu wengi. Safari hii aliumeza, akakaa sakafuni palepale mlangoni.

"Sura yako siijui," alisema. "Sijawahi kuijua."

Binti alisimama, akachukua begi.

"Ngoja, mama yangu. Nisikilize. Ya baba yako siijui pia. Ukifungua droo ya vijiko, unaviona vyote vizuri, si ndiyo? Sasa uambiwe, kesho nitafutie kile cha tatu. Mimi watu wote wako hivyo. Hata mimi mwenyewe. Pale saluni tukiwa wengi kwenye kioo, huwa natafuta nani kashika kichana, ndiyo najua huyo ni mimi." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Ule mstari uliouchukia, ulikuwa wa kukuona. Nilikuibia uzuri wako ili nisikupoteze tena."

Begi lilirudi chini. Binti alikuwa anasaka kitu kichwani. Somo la saikolojia, muhula wa kwanza. Mwalimu alichora ubongo ubaoni, akaweka duara upande wa chini, nyuma kidogo, akasema hapa ndipo sura za watu zinapofanyiwa kazi, na wapo wanaozaliwa eneo hili halifanyi kazi hiyo sawasawa. Swali lilitoka kwenye mtihani. Alilijibu vizuri sana, akapata alama zote, na hakumfikiria mama yake hata kidogo.

"Mama," alisema taratibu, "huo si uvivu. Ubongo umefungiwa gizani humu ndani ya fuvu, hauoni kitu, unaletewa habari tu. Macho yako yanafikisha mzigo vizuri. Karani wa kupokea sura ndiye hayupo."

"Amekufa?"

"Hakuajiriwa."

Maringo alicheka huku akilia, na mtu asiyejua angedhani amepaliwa. "Miaka yote hii nampigia hodi!"

Binti alishuka kwenye kochi, akaketi sakafuni mbele ya mama yake kama alipokuwa mdogo, mgongo ukiegemea magoti yake. Akainamisha kichwa. Hakikuwa na mstari, wala kisuko, wala ushanga, ngozi tupu. Vidole vya Maringo vilianza kwenye paji, vikapanda utosini, vikashuka. Kibonde kidogo nyuma ya sikio la kulia. Kovu la siku aliyoanguka kwenye ngazi. Mfupa wa kisogo, wa baba yake mtupu.

"Huyu hapa," alinong'ona. "Huyu hapa mtoto wangu."

Baba alipoingia na kofia yake nyekundu akawakuta hivyo. Binti alimuuliza, "Baba, ulikuwa unajua?"

"Nilijua mama yako anapenda kofia," fundi alisema, akaenda kubandika chai.

Mtaani hakuambiwa mtu. Maringo alikataa, akasema jina lake ameshalizoea na lina heshima yake. Likizo ikaisha. Asubuhi ya kuondoka alimwomba binti aache nywele ziote, walau kidogo, apate pa kuweka alama. Binti alisema kipara kinampendeza na hatakiacha. Maringo aliumwa na jibu hilo muhula mzima. Akisuka, akipika, aliwaza kituo kile na umati ule, na yeye tena amesimama anatafuta asichokijua.

Siku ya kumpokea ilipofika, basi liliingia limejaa. Vipara vilishuka vitatu, maana mtindo ulikuwa umeenea. Wa kwanza alimpita. Wa pili naye alimpita. Wa tatu alikuja mpaka mbele yake, akaweka begi chini katikati ya makuli na wauza karanga, akainamisha kichwa.

Watu waligeuka kutazama. Maringo hakuwaona. Alinyoosha mikono yote miwili, akapapasa utosi, kovu, kibonde nyuma ya sikio.

"Umekonda," alisema.