Kompyuta Isiyotaka Kunyonya

Mume wangu Tajeu hali kitu ambacho hakuona kinavyopikwa. Siku ya harusi yetu, wageni wameshakaa na kwaya imeshasimama, yeye aliondoka meza kuu na suti yake akaenda nyuma ya turubai kufunua masufuria ya pilau, moja baada ya jingine. Shangazi zangu walidhani anakagua kama nyama imeibwa. Hakuwa na habari na nyama, alitaka tu kujua. Redio mpya tuliyozawadiwa aliifungua kwa bisibisi kabla hata ya kuiwasha, akachungulia, akaridhika, akaifunga, ndipo tukasikiliza taarifa ya habari.

"Kitu usichoweza kukifungua si chako," aliniambia. Mimi bibi harusi mpya nikaona nimepata mume mwenye akili nyingi. Sasa nimekaa naye miaka ya kutosha, na jambo hilo nalitazama kwa upana zaidi.

Kazi yake ni fundi wa pampu kwenye shamba moja la mboga huko Usa River. Akirudi jioni hapa kwetu Olasiti anageuka fundi wa kompyuta, na huko hakuna mshahara, kuna mapenzi tu. Watu humletea laptop zilizochoka. Yeye huondoa mfumo uliokuwemo na kuweka Linux, kwa sababu Linux ni programu huria: kila kilichoandikwa ndani kiko wazi, anayejua kusoma asome, anayetaka kubadilisha abadilishe. Kwa Tajeu hiyo ni pilau ambayo mpishi mwenyewe anakukaribisha jikoni. Alipoigundua alitembea na furaha wiki nzima, hata majirani wakaniuliza kama nina ujauzito.

Tunaishi na mama yake, Naisiae, ambaye sote humwita Yeyo, yaani mama kwa lugha yetu. Alikuwa akiishi kijijini Nduruma na ng'ombe wake mpaka macho yalipoanza kuingia ukungu, tukamleta hapa. Ukungu haujamfanya mpole. Anamjua kila mtu kwa mwendo, na akikosea jina lako anasema kosa ni lako kwa kubadilisha viatu.

Basi wifi yangu Sabina, mdogo wake Tajeu, ambaye ni muuguzi huko Ujerumani, akajifungua mtoto wa kike. Mjukuu wa kwanza wa upande wa binti. Tulimpigia kwa simu yangu ili Yeyo amwone. Yeyo akaiweka simu karibu na pua, akaipeleka mbali, akaigeuza, akairudisha.

"Naona donge la ugali limevaa kofia," akasema.

"Ndiye huyo, Yeyo!" nikamwambia. "Mtazame vizuri."

"Ana macho?"

"Anayo, mawili."

"Mimi sitaki kuambiwa." Akanirudishia simu. "Kila mtu hapa ananiambia. Huyu ananiambia kafanana na baba, huyu kafanana na mama. Nataka nimwone mwenyewe kabla hili giza halijamaliza kazi yake."

Hakulisema kwa kulia. Alilisema kama mtu anayeagiza chumvi.

"Yeyo, nitakuwekea kwenye kompyuta," Tajeu akaahidi. "Kioo kikubwa. Utamwona mpaka kope."

Laptop yenye kioo kipana alikuwa nayo, na Linux alishaiweka. Iliwaka vizuri, sauti ikatoka vizuri, kamera ikatuonyesha sote tumekaa kwenye kochi tumeshangaa. Kitu kimoja tu kilikataa. Waifai haikushika. Si kwamba ilishika kidogo au ilikatikakatika. Laptop ilikaa kana kwamba haijawahi kusikia kuwa duniani kuna mtandao.

Nitaeleza nilivyoelezwa, na nilielezwa mara nyingi, hata chumbani. Ndani ya laptop kuna kadi ndogo, ukubwa wa biskuti, na hiyo ndiyo inayonasa waifai. Kadi ya laptop yetu haiamki mpaka ilishwe kipande cha programu kutoka kwa wale walioitengeneza. Kipande chenyewe kinapatikana bure, lakini wamekifunga, hakuna wa nje anayejua kimeandikwa nini. Mtu mwingine angekipakua, akaendelea na maisha. Tajeu akasema huko ni kula pilau ya sufuria lenye kufuli.

"Sasa mama yako atamwonaje mtoto?" nikauliza.

"Nitapata kadi nyingine. Zipo za zamani zinazoamka kwa programu huria tupu."

"Na mpaka uipate, si uchomeke simu yangu kwa waya, kompyuta itumie bando la simu? Si uliniambia inawezekana?"

Akanitazama kwa huruma. "Mama Anyesi," akasema, maana binti yetu anaitwa Anyesi, "hiyo itakuwa inanyonya. Kompyuta iliyokomaa inashika mtandao yenyewe. Inayonyonya simu ni ndama."

Kuna siku mwanamke anachagua kwenda kuchambua maharage.

Ile laptop ikakaa mezani imefunikwa taulo safi, ikisubiri kadi. Ilikuwa na sheria zake. Chai isipite karibu. Mikono ioshwe. Hata Yeyo na ugoro wake alipangiwa kiti cha mbali, asije akapiga chafya ikaingia kwenye vitufe. Tajeu alitembea na kitambaa laini mfukoni kwa ajili ya kile kioo tu. Mimi miwani yangu naifuta kwa kanga.

Kadi aliyoitaka aliijua ilipo. Ilikuwa ndani ya laptop ya Mzee Saruni, jirani yetu, ambayo ilishakufa na Tajeu ndiye aliyeifungua akatangaza kifo. Alikwenda kumwomba amuuzie. Mzee Saruni akakataa.

"Nimeshamwahidi Mungu," akasema. "Itatoka siku ya mavuno."

"Lakini mzee, haiwaki."

"Mungu anajua. Nilimweleza."

Kwenye usharika wetu Jumapili ya mavuno watu hutoa walichovuna, na baada ya ibada vitu hivyo hunadishwa nje. Kwa hiyo ikabidi tusubiri. Sabina naye akasema Jumapili hiyo ndiyo nafasi yake ya mwisho ya kukaa nasi kwa utulivu, kwani likizo ya uzazi inaisha na kesho yake anarudi kazini kwa zamu, na hajui lini tena saa zake na zetu zitaelewana. Tukapanga: asubuhi mnada, mchana kadi, jioni mjukuu. Yeyo alianza kuulizia jioni hiyo tangu Jumanne.

Siku ikafika. Mnadishaji alikuwa Sironka, mzee wa kanisa ambaye sauti yake haihitaji spika na bado hupewa spika. Yalipita maboga, ikapita mikungu ya ndizi, wakapita kuku waliofungwa miguu, ukapita mtungi wa maziwa. Ndipo akainua laptop ya Mzee Saruni juu ya kichwa.

"Hii haiwaki," akanguruma, "lakini ni nzima!"

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshamfundisha Tajeu nyumbani: kaa kimya, tazama pembeni, acha wacheke mpaka wachoke, kisha utaje bei ndogo kama mtu anayesaidia kanisa. Mwanaume huyu alisimama kabla Sironka hajamaliza kuvuta pumzi. Na si kusimama tu, alinyoosha mikono yote miwili.

Eliya, mwimba besi wa kwaya, mtu ambaye hana kompyuta wala hajui pa kuiweka, akamtazama Tajeu, akaitazama laptop, akamtazama tena Tajeu. Nilimwona akifikiri. Fundi akiing'ang'ania hivi, ndani kuna kitu. Naye akanyoosha mkono.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Eliya alipoingia, wengine wawili wakaingia kwa sababu Eliya kaingia. Bei ikapita ya jogoo. Ikaifikia ya mbuzi jike, ikaipita. Nikamfinya Tajeu pajani, yeye akadhani namtia moyo. Ilipofika bei ya beberu aliyenona, Eliya akakumbuka kwamba ana mke, akaketi. Tukabaki sisi na laptop mfu, na makofi.

Sasa, ukinunua boga kwenye mnada wetu unaenda nalo nyumbani na hakuna anayekuuliza. Lakini kitu kilichofika bei ya beberu huwezi kukikwapua ukaondoka nacho kama mwizi. Unatakiwa umheshimu mtu nacho, yaani umzawadie mbele ya wote. Mimi nilikuwa nimelisahau hilo. Sironka hakusahau.

"Na fundi wetu," akauliza kwa ile sauti, "laptop hii anamheshimu nani nayo?"

Usharika mzima ukageuka. Nikaona jasho likimtoka mume wangu kwenye kola. Kisha nikaona uso wake unang'aa.

"Nampa mama yangu mzazi!" akasema.

Vigelegele! Nami nilipiga, tena vyangu vilikuwa vya moyoni, maana nilimwelewa. Yeyo analala chumba cha pili kutoka chetu. Kadi ingefika nyumbani kwa heshima zote. Sijawahi kumpenda Tajeu kama nilivyompenda dakika ile, nayo ilidumu mpaka Yeyo aliposimama.

Alishika fimbo yake mkono mmoja na laptop mkono mwingine, kaikumbatia kifuani. "Nashukuru," akasema. "Mwanangu amenipa heshima mbele za watu, Mungu ameona. Lakini mimi mwanamke mzee, chombo hiki nitakiweka wapi? Mama mchungaji, njoo mama. Pokea."

Mama mchungaji akaja, akapiga goti, akapokea. Sironka akafunga mnada kwa sala. Tajeu hakufumba macho wakati wa sala. Alikuwa anaitazama laptop inavyoingia kwenye kikapu cha mama mchungaji, juu ya mayai.

Iko kwao hadi leo, sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma na juu yake pana chombo cha maua. Kila jumuiya ikisali nyumbani kwa mchungaji, Tajeu hutafuta kiti kinachoielekea.

Tulirudi nyumbani. Nilipakua chakula, Tajeu akakisogeza kando, na kwa mtu anayejua kilivyopikwa hilo ni jambo zito. Yeyo akasikia kijiko hakigongi sahani.

"Huyu ana nini?"

Hasira zilinipanda, nikamweleza yote: kuwa ndani ya kile alichokigawa mlikuwa na kadi, na kadi ile ndiyo ingemwonyesha mjukuu wake jioni hii, na mwanaye hakumwambia kwa sababu alitaka kumfurahisha ghafla, kama kawaida yake.

"Kwa hiyo nimemgawia mama mchungaji macho yangu," Yeyo akasema.

"Nitakwenda kuwaomba," Tajeu akasema. "Nifungue tu nyuma, nitoe kadi, nirudishe. Haitawauma."

"Huendi. Nilichokitoa mbele ya watu nimekitoa." Akanigeukia. "Hakuna njia nyingine?"

"Ipo," nikasema. "Waya wa simu. Inatumia bando langu. Ila mwanao hataki, anasema hiyo ni kunyonya, kompyuta inakuwa ndama."

Nilifikiri atacheka. Hakucheka. Alimtafuta Tajeu kwa yale macho yenye ukungu mpaka akampata.

"Mwaka ule wa ukame," akamwambia, "nilikuwa na ndama mwenye msimamo kama wako. Alikataa kunyonya. Unakumbuka jina lake?"

"Hapana, Yeyo. Silikumbuki."

"Hulikumbuki kwa sababu hakuishi mpaka akapewa."

Tajeu alisimama, akanawa mikono, akaondoa taulo. Akachomeka waya, upande mmoja kwenye simu yangu na mwingine kwenye laptop, akagusa hapa na pale. Mtandao ukashika papo hapo. Nadhani hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba haukumsumbua hata kidogo.

Tukamketisha Yeyo mbele kabisa, kwenye kiti alichokuwa amekatazwa. Sabina akatokea, kioo kizima, amembeba mtoto begani.

"Yeyo, takwenya!" akasalimia kwa lugha ya nyumbani.

"Iko," Yeyo akaitikia, lakini hakuwa akimtazama Sabina. Alisogea mpaka pumzi yake ikaacha mvuke kwenye kioo. Alimpitia mtoto polepole kutoka paji la uso mpaka kidevuni, kisha akarudi juu.

"Ana masikio ya marehemu," akasema. "Hamkuniambia. Wote mnasema baba, mama, baba, mama. Haya ni masikio ya mume wangu."

Mimi nilikuwa nalia na sioni aibu kulisema.

Kisha Yeyo akakusanya midomo, na kabla hatujamwahi, akatema. Yale mate membamba ya baraka, kama bibi zetu wanavyowatemea watoto wachanga kifuani na kichwani. Yalitua kwenye kioo na kunyunyizika kwenye vitufe. Nikamwona Tajeu anaruka, kitambaa kimeshatoka mfukoni, mkono uko hewani.

Huko Ujerumani, Sabina, ambaye aliwahi kuniambia kwamba mgeni asiyenawa mikono hamgusi mtoto wake, alimvua mwanaye kofia. Akamwinamisha kichwa polepole mpaka utosi ukajaa kwenye kamera, ili yampate vizuri.

Tajeu akakirudisha kitambaa mfukoni. Mpaka leo kwenye kioo kile kuna vidoa vidogo upande wa kushoto, vimekauka, na yeye hufanya kazi zake kwa kuvikwepa na haruhusu mtu avifute.