Mtu wa Bahari wa Kimemi

Kaka yangu Stanislas aliiona bahari kwa siku kumi na tisa, akaisimulia kwa miaka thelathini. Hata Nuhu, aliyekaa majini siku nyingi kuliko yeye, hakuwachosha watu namna ile.

Ilikuwa mwaka 1993. Tajiri mmoja wa Butembo alimtuma Mombasa kungojea kontena la vitenge. Kontena likachelewa bandarini, naye kwa kukosa la kufanya akawa anashinda ufukweni. Huko akakuta Wazungu wanapanda mawimbi kwa ubao. Mmoja wao akampa ubao wake aushike kidogo, mpiga picha akapita, akampiga. Picha hiyo ndiyo iliyotuletea balaa. Ilikaa ukutani sebuleni kwake, hapa mtaani Kimemi, Butembo, mpaka unyevu ukala uso, mende wakala miguu, kikabaki kiwiko na kipande cha ubao.

Kadiri picha ilivyofutika, ndivyo habari ilivyonenepa. Mwanzoni alikuwa ameushika ubao tu. Baada ya miaka mitano alikuwa ameupanda. Binti yake Bénite alipoanza shule, baba mtu alikuwa ameshapita juu ya wimbi refu kuliko mnara wa kanisa, Wazungu wamejipanga mchangani wanampigia makofi. Yeye huuza misumari na mabati. Mteja anayekuja kutafuta nusu kilo ya misumari hana budi kusikiliza bahari nzima kabla ya kupimiwa.

Lakini kuna jambo ambalo hakulisimulia hata siku moja. Kabla ya Mombasa, miaka saba mizima, Stanislas alikuwa mtu wa chukudu. Alishusha viazi na kabichi kutoka kwetu, milima ya Lubero, hadi Butembo, juu ya ile baiskeli nzito ya mbao isiyo na pedali: goti moja limewekwa juu ya ubao, mguu wa pili unasukuma ardhi, mikono imeng'ang'ania usukani. Mimi ni mdogo wake, tumekulia nyumba moja, ninayajua hayo. Bénite hakuyajua. Siku moja mteja alitaja chukudu pale dukani, kaka akakunja uso, akasema hiyo ni kazi ya watu wasio na akili. Nilimchukia siku ile. Uongo wa bahari ningeusamehe, maana nani hasemi uongo? Aibu yake ndiyo iliyoniunguza.

Basi Bénite akapata mchumba, kijana wa mji wa Beni, mtaa wa Beu. Ujumbe wa kuposa ungeongozwa na baba mkubwa wa kijana, mzee Zacharie, mfanyabiashara wa kakao. Stanislas aliposikia neno kakao, usingizi ukamruka.

"Bantu ya kakao, mama!" alimwambia mke wake, Kyakimwa. "Bataniona miye mutu wa viazi tu. Na kama banatuzarau leo, batazarau mutoto yetu kule kwao mpaka kufa."

Hapo, nakiri, hakuwa mjinga. Mwanamke huolewa na heshima ya kwao, na kwao ikionekana ndogo, ataoshea ukoo mzima vyombo. Ila dawa aliyoitafuta ndiyo ilikuwa ya kijinga. Aliamua kuchorwa. Picha kubwa, ya rangi, yeye kijana juu ya wimbi, itundikwe mahali ambapo mgeni akikaa tu ataiona.

Akaenda kwa Zorobabel, anayechora vibao vya vinyozi na vya mafamasi. Zorobabel ana mkono mzuri kweli, ila Bikira Maria wake ana mabega ya mama wa sokoni. Maji makubwa aliyowahi kuona ni ziwa lenye viboko, pale Kyavinyonge.

"Papa, kiboko tutaweka ku upande gani?" aliuliza.

"Bahari haina kiboko!"

"Aa. Donc ni maji ya bure." Akaandika kwenye daftari lake. "Na weye uko unafanya nini?"

"Niko juu ya mbao, ninateremuka na mbio, maji iko inanifukuza nyuma."

"Ninaelewa," alisema Zorobabel, na kwa bahati mbaya alielewa kabisa.

Picha ililetwa Jumamosi asubuhi, imefunikwa kitenge, wakati wageni wameshapiga simu kwamba wako njiani. Zorobabel akaitundika mwenyewe, akavuta kitenge.

Bahari ilikuwepo, ya buluu ya sare za shule. Mnazi ulikuwepo, yaani mgomba wenye mipira. Na katikati alikuwepo Stanislas wa miaka ishirini na tano, kifua wazi, goti moja juu ya ubao, mguu wa pili nyuma unasukuma maji, mikono miwili imeshika usukani.

"Hii nini?" kaka aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ni weye, papa."

"Hizi mapembe?"

"Guidon. Bila guidon mutu atashika wapi? Ataanguka mu maji."

"Na goti?"

Zorobabel alimtazama kwa huruma. "Papa, juu ya mbao mutu anawekaka nini? Si goti?"

Mimi sikucheka. Nilitaka, tumbo lilikuwa tayari, lakini yule kijana ukutani nilimfahamu. Ndivyo alivyokuwa akishuka milima yetu, meno nje, kichwa mbele. Zorobabel hakuwahi kumwona wakati ule, na alikuwa amempata.

Stanislas akaruka kuiondoa, na honi ya gari ikalia mlangoni. Picha ikabaki pale pale.

Wageni wakaingia, wakakaa, wakapewa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, nayo ilikuwa imekolea. Mzee Zacharie, mtu mpana mwenye koti la kijivu, akaanza maneno ya desturi, yale ya kujifanya amepita tu kusalimia. Alipofika katikati, macho yake yakapanda ukutani. Hotuba ikakatika.

"Huyu ni nani?"

"Ni miye," alisema Stanislas. "Ku bahari. Mombasa."

"Mutu wa bahari anawekaka goti?"

"Eee. Ni technique. Bazungu njo banapandaka vile."

Kasiksi ilinipalia. Mzee Zacharie hakucheka. Aliinama taratibu, akakunja mguu wa suruali mpaka juu. Goti lake lilikuwa jeusi, gumu kama kisigino.

"Hii ni barabara ya Mangurujipa," alisema. "Nilibebaka mbao na chukudu, myaka kumi na moja. Wakati niliona hii picha, niliwaza: Mungu ametupatia mukwe mwenye kujua mateso. Mais weye ni mutu wa bahari. Basi."

Akaanza kuishusha suruali. Wenzake wakatazama chini. Kila mtu mle ndani aliona heshima ikiondoka, heshima ile ile ambayo kaka alikuwa ameilipia rangi.

Kyakimwa akaweka sinia mezani.

"Papa Bénite," alisema, "miye niliolewa na mutu wa chukudu. Huyu wa bahari simujue."

Stanislas alimtazama binti yake. Kisha akainama, akakunja suruali. Goti lilikuwa lile lile, jeusi, na kovu la jiwe la njia ya Lubero.

"Viazi," alisema. "Myaka saba. Bahari nilishikaka mbao tu, ya Muzungu. Maji ilinifika hapa ku miguu, nikaogopa, nikatoka."

Wageni wakapasuka kwa kicheko, na mzee Zacharie akacheka kuliko wote, akasogeza kiti mpaka magoti yao mawili yakakaribiana. Bénite alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji, amesahau kumimina. Nikajua posa yetu imepona.

"Sasa uniambie," alisema mzee Zacharie, akijipangusa macho. "Kuteremuka, najua. Mais kule Lubero kuko milima. Kupanda na viazi, mutu pekee hapana weza. Nani alikuwa anakusukuma?"

Stanislas aliinamisha kichwa. Halafu akanyoosha kidole, na kidole kikaja kwangu.

"Ni huyu. Alikuwa na myaka kumi na tatu. Mvua, jua, eko nyuma yangu. Masomo yake ilibakia mu ile njia."

Watu wote wakanigeukia. Zaidi ya miaka thelathini nilikuwa nimelingoja neno hilo na sikujua kwamba ninalingoja. Machozi yakanitoka mbele ya watu wa Beni, nami sikuyafuta.

"Na kila siku," niliwaambia, "alikuwa anasemaka miye hapana sukuma na nguvu."