Karatasi za Kujazia Mikoba

Kule Shiling, mji wa viwanda vya mikoba nje ya Guangzhou, kila mkoba mpya hujazwa karatasi ili ukae na umbo lake. Karatasi yoyote ile, hata gazeti la juzi. Mkoba ukifika Kariakoo, karatasi inachomolewa, inatupwa, basi. Mimi nilikuwa nimeziona mara nyingi na hazikuwahi kunipa wazo lolote. Dada ndiye aliyepata wazo, nami nililicheka mpaka nikashika mbavu.

Namwita dada kwa heshima tu, hatukuwa ndugu. Yeye Mkristo wa Moshi, mimi binti wa Kiislamu wa Unguja. Tulikutana Xiaobei, mtaa wa Waafrika pale Guangzhou, miaka ile ya mwisho ya tisini, tukachangia chumba cha hoteli kwa sababu sote tulikuwa wabishi na hakuna mwingine aliyetuweza. Mimi nilinunua viatu, yeye alinunua mikoba ya duka la mdogo wake Kariakoo. Lakini kila asubuhi, kabla hatujatoka kwenda kubishana na malaoban, wenye viwanda vyao, alikaa ukingoni mwa kitanda akisahihisha riwaya yake, habari ya mjane anayefukuzwa nyumbani na shemeji zake.

Wachapishaji wa Dar walikuwa wamemrudishia. Mmoja alimwambia usoni kwamba kazi ni nzuri, ila watu wetu hawasomi. Neno lile lilimkaa kooni. "Hawasomi!" alifoka, mswaki mdomoni. "Mdogo wangu, utajuaje mtu hasomi na wewe hujampa cha kusoma?"

Ndipo akaitoa nakala riwaya nzima, lundo kwa lundo, akazipeleka kiwandani zijazwe mikobani badala ya magazeti. Kila mkoba sura moja. Anayenunua atasoma, akitaka sura inayofuata atarudi dukani.

"Dada," nikamwambia, "wenzako wanatafuta mchapishaji, wewe unatafuta jalala?"

Akasonya.

Alimweleza laoban kwa vidole na kwa michoro, na laoban akaitikia kila kitu, maana wao huitikia kila kitu. Wasichana wa kiwandani, Kiswahili watakijulia wapi? Wakafanya kama siku zote: wakachota karatasi iliyo karibu, wakaifinyanga, wakaisokomeza. Tulikuja kugundua kontena limeshaondoka, tulipofungua mkoba wa sampuli uliobaki chumbani. Ndani mlikuwa na ukurasa wa harusi na ukurasa wa matanga, zimeviringishwa pamoja. Dada akakaa sakafuni.

"Nimekichana kitabu changu kwa mkono wangu mwenyewe," akasema, akalia. Siku hiyo sikumtania.

Mzigo ulipofika na kuuzwa, mdogo wake akapiga simu hotelini, kicheko hakimpi nafasi ya kusema. Wanawake walikuwa wanarudi dukani, na wala si kwa sababu ya zipu mbovu. Walikuwa wanatafuta kurasa! Mwenye ukurasa wa mjane kutupiwa virago anamtafuta mwenye ukurasa wa kesi. Wanaazimana, wanagombana, mmoja kanunua mkoba wa pili asio na haja nao, akibahatisha tu. Na mke wa yule mchapishaji wa "hawasomi" alikuwa mmoja wao. Mumewe akaagiza muswada wote.

Wallahi, habari ile iliniingia. Tangu shule nilikuwa na hadithi zangu kichwani, nazifukuza kama nzi, najiambia hayo ni mambo ya wasomi. Sasa nikaanza kuandika. Niliandika ofisini kwa wakala wa mizigo nikingoja zamu yangu, niliandika kwenye basi la Shiling. Dada alisoma kila kitu na hakuwa na huruma. "Hapa unadanganya. Hapa unajionyesha. Hapa ndipo penyewe, mbona umepakimbia?" Nilinuna, nikaandika upya, nikaona kweli alichosema.

Kisha homa ikamwanza. Alidhani ni uchovu. Akatundikiwa dripu, akapata nafuu, ikamrudia, mwishowe akaamua kwenda kutibiwa nyumbani. Uwanja wa ndege gauni lilimpwaya, na bado ananiuliza hadithi yangu imefika wapi. Nikamwambia ukirudi utaikuta imekwisha.

Hakurudi. Mdogo wake alipiga simu ileile ya hotelini, na safari hii nilimsikia analia kabla hajasema neno. Nilichukia kila kitu, kitanda chake kitupu, mji mzima unaoendelea kuuza na kununua. Kalamu sikuigusa kwa muda mrefu. Nimwandikie nani?

Kitabu kilitoka tumeshamzika. Jalada walikuwa wamelichapa mapema, na nyuma pameandikwa kwamba mwandishi anaishi Guangzhou.

Mchana mmoja niliingia mgahawani, barabara ya Huanshi Zhonglu, nikamkuta mama mmoja mgeni, mfanyabiashara wa nguo kutoka Mwanza. Wali wake unapoa, yeye kazama kwenye kitabu kile. Moyo ukanipasuka. Nikamsalimu, nikamuuliza kama ni kizuri.

"Mwanangu, we acha tu," akasema. "Mjane huyu ni mimi. Shemeji zangu walinifanyia hivihivi, hata sufuria hawakuniachia. Nilidhani hakuna anayejua." Akanigeuzia nyuma ya jalada. "Ona, yuko hapahapa! Wewe mwenyeji, humfahamu?"

"Namfahamu, mama. Tulikuwa tunakaa chumba kimoja."

Akasimama, akachukua mkoba wake. "Basi nipeleke. Chakula nitakula baadaye."

Ikabidi nimwambie. Alikaa tena taratibu, akakifunga kitabu, akaanza kulia kwa sauti, watu wote wanatutazama. Mtu hajapata hata kumwona, na anamlilia kama dada wa tumbo moja. Nikamshika, nikalia naye. Msomaji huyu ndiye ambaye dada alimngoja miaka yote ile, na aliyempokea ni mimi.