Shangazi Kavutha na Vidonge vya Ujana

Shangazi yangu Kavutha hajui kumeza maneno. Mteja akilalamika kwamba kiondo chake ni ghali, anamwelekeza kwenye duka la mifuko ya Uchina na kumtakia safari njema. Amekaa kwenye veranda moja pale Adams Arcade miaka nenda miaka rudi, akisokota katani kwenye paja na kusuka viondo, na sijawahi kumwona akimwogopa mtu. Ndiyo maana bado ninashindwa kuelewa jinsi alivyonyamazishwa na chupa ya vidonge.

Kisa kinaanzia kwenye chama chao cha wanawake wa kanisa huko Mutuini. Chama hicho kina sheria ambayo haijaandikwa popote: mmoja wenu akianza kuuza kitu, wote mnanunua. Shangazi alipougua kansa ya matiti na kushindwa kutoka nyumbani, walinunua viondo vyake vyote, hata wale wasiobeba chochote ila mikoba ya ngozi. Alipopona, hospitali ilimpa tembe za kumeza kila siku kwa miaka kadhaa ili ugonjwa usirudi. Akazimeza bila kukosa, mpaka Muthoni alipoanza biashara.

Muthoni ni rafiki yake wa kufa na kuzikana. Alikuwa amealikwa kwenye semina katikati ya jiji, na huko mwanamume mmoja mwenye tai, anayejiita daktari, aliwauzia vidonge vya ujana. Aliwaambia kwamba ndani ya mwili kuna kimeng'enya kiitwacho telomerasi, kwamba kimelala na ndiyo sababu tunazeeka, na kwamba vidonge vyake vinakiamsha. Tena akaonya kwamba havipatani na dawa za hospitali. Kila nikimkumbuka, damu inanichemka.

Muthoni akavileta kwenye chama, na chama kizima kikanunua. Shangazi naye akanunua.

Niligundua Jumapili moja nilipokuwa nikitafuta majani ya chai jikoni kwake. Nyuma ya mkebe wa sukari nikakuta tembe za hospitali, pakiti juu ya pakiti, hazijafunguliwa.

"Anti, hii ni nini?"

"Niliacha hizo kwanza. Zinapigana na za Muthoni."

Mimi hufanya kazi maabara, kwenye kliniki moja Uthiru, na kazini husifiwa kwa upole. Siku hiyo upole ulinitoka. Nilipiga meza hadi vikombe vikaruka. "Nani alikuambia? Yule wa tai? Anti, unajua hiyo kitu anasema ataamsha ni nini?"

"Punguza sauti. Niambie, mimi si mtoto."

Nikachukua uzi wa katani aliokuwa akisukia. Nikamweleza kwamba kila seli ina nyuzi zinazobeba maagizo ya mwili, na nyuzi hizo zina ncha za kuzilinda. Seli ikigawanyika, ncha hupungua kidogo. Zikifupika sana, seli inaacha kugawanyika, na hilo ni jambo jema. Telomerasi ndiyo inayorefusha ncha tena. Mtoto tumboni anaihitaji, na seli chache zinazotengeneza damu na ngozi mpya zinaihitaji pia, lakini katika seli nyingi za mtu mzima imezimwa. Kansa nyingi huiwasha zenyewe, na ndipo zinapopata nguvu ya kugawanyika bila kukoma.

Aliuzungusha ule uzi kidoleni. "Kwa hivyo hiyo kansa ni kiondo haijui mdomo iko wapi. Inasukwa tu."

"Hiyo tu. Na huyo mtu anakuuzia uzi zaidi."

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Mbona hukuniuliza?"

Hapo sauti yake ikashuka. "Ningekataaje, Kanyiva? Muthoni alibeba kiondo yangu hadi harusi. Harusi! Na hiyo rangi yake mbaya."

Nilitamani kumkasirikia, lakini nilizikusanya zile pakiti na kuziweka mbele yake.

Tulienda hospitali wiki hiyo. Kulikuwa na uvimbe mpya karibu na kovu, na vipimo vikaonyesha kwamba kansa imerudi. Daktari alikataa kusema kwamba vidonge ndivyo vilivyouleta. Hata yeye hajui vina nini ndani, na huenda ni unga mtupu. Alichojua ni kwamba tembe zake zilikuwa zikimkinga, naye alikuwa ameziacha. Niliposikia hivyo nilitoka nje nikalia kwa hasira, si kwa huzuni. Simu ya yule mwenye tai haikuwa ikipatikana tena.

Chama kilipokutana sebuleni kwa Shangazi, nilikaa pembeni nikisubiri amrarue Muthoni. Nilitaka kumwona akiraruliwa. Shangazi alisimama, akaweka chupa ya vidonge mezani.

"Mlinunua viondo vyangu nikiwa kitandani, na nawashukuru. Lakini kiondo haiingii kwa mwili. Kuanzia leo, kitu ya kumezwa hainunuliwi hapa kwa sababu ya urafiki. Kansa imerudi kwangu. Mmenisikia? Imerudi."

Wakaondoka mmoja mmoja, wengine bila kumaliza chai. Muthoni peke yake alibaki, akikunja na kukunjua kitambaa mkononi. Nilijiandaa kumwambia yote niliyokuwa nimeyaweka moyoni.

Kabla sijafungua mdomo, alimwendea Shangazi, akaushika mkono wake na kuuingiza chini ya kwapa lake mwenyewe.

"Na hii, Kavutha? Yule wa tai alisema nikimeza mara mbili itaisha."

Shangazi alipapasa hadi akagusa uvimbe, kisha akaacha kupapasa. Uso wake ulibadilika. Nikamwona akitafuta matusi, yeye asiyeyakosa kamwe, na asiyapate.

"Tangu lini?"

"Kabla nianze kuuza."

Shangazi alichukua shuka lake la begani. "Kanyiva, chukua funguo ya gari yako. Utatupeleka hospitali, mimi na yeye, wote wawili."