Vitumbua katika Zamu Yangu

Kitumbua cha nne ndicho kilichonimaliza. Mke mwenzangu alikila akiwa amesimama mlangoni pangu, mafuta yanamchuruzika kidevuni, na kiuno chake bado chembamba kama siku alipoolewa kutoka Mikumi. Mimi nilikuwa nanyonyesha, mbele yangu mchicha wa kuchemsha.

Tangu nijifungue, muuguzi wa Kilosa alikuwa amenionya nipunguze mwili, kwani presha ilikuwa juu na mimba nyingine ingeweza kuniua. Nikaacha nazi na vya kukaanga. Hamu haikuniacha, hata ndotoni nilitafuna.

"Onja kimoja, dada," alisema. "Au unaogopa mlango utakubana?"

Siku hiyo ilikuwa zamu yangu. Kwetu, siku ya zamu yako jiko ni lako peke yako, mwenzio hawashi moto. Yeye aliwasha, akakaanga, na mume wetu akauacha ugali wangu akamfuata.

Nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, nikamkuta akipalilia mahindi katika shamba la ujamaa.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kushtaki."

"Marahaba. Mwenzako amekupiga?"

"Amekaanga vitumbua katika zamu yangu."

Aliegemea jembe. "Basi?"

"La pili, anakula apendavyo na hanenepi. Hilo najua si kosa, mzee, lakini nalo nalishtaki."